MacBook kutoka Maskati na gemu za Windows

Swali: "Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Wete, nahariri video za harusi, na usiku nacheza gemu. Nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1650. Siku hizi inapata moto, feni inapiga kelele, na kila nikiiwasha inaniambia Windows 10 imekwisha muda wake. Ami yangu yuko Maskati, anakuja Ramadhani, na amesema ataniletea MacBook Air ya M4. Nataka niiuze hii ya Windows nihamie Mac moja kwa moja. Na wenzangu nacheza FC 25, GTA V mtandaoni na Counter-Strike 2. Peke yangu nacheza Minecraft na Football Manager. Je, gemu zangu zitakwenda? Watu wananiambia M4 ni kali kuliko laptopu yangu."

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Usiiuze ya Windows. MacBook ya ami ipokee kwa mikono miwili, maana kwa kazi yako ya harusi itakufaa sana. Lakini kati ya gemu tano ulizonitajia, tatu hazina toleo la Mac kabisa, na ndizo hizo tatu unazocheza na wenzako. Ukiuza laptopu leo, kesho jioni wenzako wakikuita hutakuwa na pa kuingilia.

Waliokuambia M4, yaani chipu ya Apple iliyomo ndani ya MacBook hiyo, ni kali wamesema kweli. Prosesa yake inaipita ile ya laptopu yako kwa mbali. Ila gemu haiangalii nguvu peke yake. Gemu nyingi kubwa za kompyuta huandikwa kuzungumza na DirectX, njia ya Microsoft ya kuchora picha, na DirectX haimo ndani ya Mac. Mac ina njia yake inayoitwa Metal, ambayo Apple iliileta kwenye kompyuta zake mwaka 2015. Kwa hiyo ili gemu ije Mac, kampuni iliyoitengeneza lazima ilipe watu wa kuiandika upya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kisha iendelee kuihudumia kila inapotoka apdeti. Kampuni inapiga hesabu: wachezaji wa Mac ni wangapi, na gharama ni kiasi gani?

Counter-Strike yako ni mfano mzuri wa hesabu hiyo. Toleo la zamani, CS:GO, lilikuwepo kwenye Mac. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023, Mac iliachwa. Valve, wenye gemu hiyo, walieleza wazi: wachezaji wa Mac, hata ukiwajumlisha na wale wenye kompyuta kongwe za DirectX 9, hawakufika asilimia 1 ya wachezaji wote wa CS:GO. Gemu ya Rocket League ilikuwa imeshafanya hivyo hivyo Machi 2020. Nakutajia haya kwa sababu wengi hudhani ni suala la kusubiri tu, kwamba gemu "itakuja" Mac. Nyengine zilikuwepo na zikaondoka.

Na Apple nayo ina mchango wake katika jambo hili, tusiwalaumu wenye gemu peke yao. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba OpenGL, njia ya zamani ya kuchora ambayo gemu nyingi za Mac zilikuwa zinaitegemea, haitaendelezwa tena. Mwaka 2019 ikatoka macOS Catalina, na programu zote za biti 32 zikaacha kufanya kazi siku hiyo hiyo unayoiweka. Mtu alikuwa na gemu kadhaa alizozilipia, akaziona zimetiwa alama ya kukatazwa. Mwaka 2020 Apple ikaanza kuacha prosesa za Intel ikaingia chipu zake yenyewe, kuanzia M1. Windows haina tabia hiyo. Gemu ya mwaka 2005 mara nyingi bado unaweza kuicheza kwenye Windows ya leo.

Hapo kwenye chipu ndipo pana ushauri mmoja mkongwe ambao bado unazunguka mitaani, nawe utausikia: "Nunua Mac, halafu weka Windows ndani yake." Hilo lilikuwa sawa zamani. Mac za Intel zilikuwa na kitu kinaitwa Boot Camp, unagawa diski, unawasha kompyuta ikiwa Windows kamili. Mac za M1 hadi leo hazina Boot Camp. Wala hazipokei kadi ya picha ya nje inayochomekwa kwa waya, kama zilivyopokea baadhi ya zile za Intel.

Sasa gemu zako, moja moja.

FC 25 haina toleo la Mac. Hata eFootball haina. Kwa mchezo wa mpira wa pedi, mdogo wangu, Mac ni mahali pakavu, na kwa vijana wa kwetu hili peke yake linatosha kuamua. Usidhani pia kwamba utaipitisha kwa mlango wa nyuma. Tangu FIFA 23, EA, wenye gemu hiyo, wameweka ulinzi dhidi ya wachezaji wadanganyifu, unaoingia chini kabisa kwenye kiini cha Windows na kukagua kinachofanyika. Ukileta programu inayojifanya Windows, ulinzi ule unatafuta kiini ambacho hakipo, na gemu inagoma kufunguka.

GTA V ilitoka kwenye kompyuta za Windows Aprili 2015 na haijawahi kutolewa kwa Mac. Hadithi yake, yaani ile sehemu ya kucheza peke yako, inaweza kwenda kwa njia za kuzunguka nitakazozieleza. Sehemu ya mtandaoni hapana, kwa sababu Septemba 2024 Rockstar, wenye gemu hiyo, waliongeza ulinzi wa namna hiyo uitwao BattlEye. Wewe umesema unacheza mtandaoni.

Counter-Strike 2 nimeshaieleza. Ukitaka kujaribu Valorant badala yake, nayo ni ya Windows kwa upande wa kompyuta. Gemu za ushindani zilizopo Mac ni chache. League of Legends na Dota 2 zipo, na World of Warcraft ipo. Sasa hapo ni juu ya wenzako: watakubali kuhama nawe? Gemu ya kushindana huchagui peke yako.

Minecraft inakwenda vizuri sana kwenye Mac, lakini angalia unacheza ipi. Toleo la Java lipo. Toleo la Bedrock, lile linalochezwa na watu wa simu na Xbox, halipo kwenye Mac. Kama ulimwengu wako umeujenga pamoja na mdogo wako anayetumia simu, basi hiyo ni Bedrock na utabaki nayo Windows.

Football Manager ndiyo furaha yako. Ina toleo la Mac miaka mingi, haihitaji kadi kubwa ya picha, inahitaji prosesa ya kupiga hesabu za mechi, na hapo M4 itakuonesha tofauti. Zile siku za msimu ulizokuwa ukizisubiri zipite zitapita haraka. Kama uliinunua kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, hununui tena: gemu yenye toleo la Mac kwenye Steam huwa yako kote kote kwa akaunti ile ile. Ila folda ya gemu iliyomo kwenye diski ya Windows haikusaidii, lazima udaunlodi upya faili za Mac. Andaa bando.

Zipo nyengine za Mac ambazo hukuzitaja, na sipendi uondoke ukidhani pale ni jangwa. Miaka ya karibuni Apple imejitahidi kweli. Resident Evil Village ilifika 2022, No Man's Sky na Baldur's Gate 3 mwaka 2023, Death Stranding mapema 2024, Assassin's Creed Shadows Machi 2025, na Cyberpunk 2077 Julai 2025. Stardew Valley, Hades na Civilization zipo. Mtu anayecheza peke yake, anayependa gemu moja ndefu akaimaliza polepole, leo anaweza kuishi na Mac asijute. Pedi za PlayStation na Xbox zinaunganishwa kwa Bluetooth bila kutafuta programu yoyote. Lakini hiyo Cyberpunk inataka angalau GB 16 za memori, na Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 kwenye diski. MacBook Air ya M4 ya kiwango cha chini ina diski ya GB 256. Ukitoa mfumo wenyewe na video za harusi mbili, hiyo gemu moja inakujazia nyumba.

Njia za kuzunguka ni tatu.

Ya kwanza ni programu ya kukalimani. Wine, ambayo watu walianza kuiandika mwaka 1993, inasikiliza gemu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, inakitafsiri kwa Mac papo hapo. CrossOver imejengwa juu yake, inauzwa takriban dola 74, na ina majaribio ya bure ya siku 14. Apple yenyewe ilitoa mwaka 2023 zana zake za aina hiyo kwa ajili ya wanaohamisha gemu, na CrossOver imezichukua na kuzitumia. Mimi naikubali CrossOver kwa gemu za kucheza peke yako. Nimeona gemu nzito zikienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Lakini kila apdeti ya gemu inaweza kuvunja kilichokuwa kinafanya kazi, na kokote kwenye ulinzi wa kiini, kama nilivyokueleza kwa FC, mkalimani huyu hana la kufanya. Tumia zile siku 14 kwanza, kwa gemu ile ile unayoitaka, kabla ya kutoa pesa.

Ya pili ni kuendesha Windows ndani ya Mac kwa Parallels. Microsoft waliikubali rasmi mwaka 2023, lakini Windows inayoingia humo ni ile ya chipu za ARM, na DirectX 12 haifanyi kazi. Kwa programu ya ofisi, sawa. Kwa gemu za leo usihangaike.

Ya tatu ni kucheza kwa mbali: gemu iko kwenye seva ya kampuni, wewe unaletewa picha tu kama unavyoangalia video. GeForce NOW ndiyo maarufu. Wanataka intaneti ya Mbps 15 kwa picha ya kawaida na Mbps 25 kwa picha ya 1080p, na safari ya kwenda seva na kurudi isizidi milisekunde 80. Piga hesabu na mimi: Mbps 25 kwa saa nzima ni kama GB 11. Ukicheza saa mbili kila usiku, bando lipi litakutosha? Na unakumbuka Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata ujumbe wa WhatsApp ulikuwa unajikokota. Mpango wa gemu unaotegemea seva ya mbali siupendekezi kwa mtu wa Pemba bado.

Hapo hapo niondoe dhana moja. Kuna wanaonunua Mac wakitumaini mchezo wa mtandaoni utaacha kukwama. Kama adui anakuruka-ruka kwenye skrini na risasi zako zinachelewa, hiyo ni pingi, yaani muda wa kwenda seva na kurudi, na pingi inatoka kwenye mtandao wako na umbali wa seva. Valve wana seva Johannesburg na Dubai. Jaribu zote mbili uone ipi inakupa namba ndogo, na uache Wi-Fi, uchomeke waya kutoka kwenye ruta. Kompyuta mpya haigusi chochote hapo.

Jambo jengine ni joto. MacBook Air haina feni. Ukimya wake ni mzuri unapohariri usiku watu wamelala, na kwa hali ya hewa yetu una faida moja kubwa: hakuna feni ya kuvuta hewa ya bahari ndani. Laptopu zinazonijia kutoka nyumba za karibu na pwani, nikifungua nakuta vumbi limeshikana na unyevu likawa kama kitambaa mbele ya feni, na miguu ya shaba ya tundu la chaji imeota ukijani. Air haipati hilo kwa kiasi hicho. Lakini kwa gemu nzito upande wa pili upo: joto likipanda, chipu yenyewe inapunguza kasi ili isiungue. Unaanza gemu ikiwa laini, baada ya muda fremu zinashuka, na ubati juu ya kibodi unaunguza vidole. Wakati wa kaskazi, chumba hakina AC, hali hiyo inakuja mapema zaidi. Kwa Football Manager hutaiona. Kwa Cyberpunk utaiona. MacBook Pro ina feni, na bei yake pia unaijua.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza ihudumie hiyo ya Windows, maana maradhi uliyoyaeleza yanatibika. Mpelekee fundi unayemwamini aifungue, asafishe feni na matundu ya hewa, abadilishe pesti ya joto juu ya prosesa na kadi ya picha. Simama naye akifanya, ni kazi ya muda mfupi. Kelele na moto vitapungua sana, na huenda ukashangaa gemu zikarudi kwenda kama zamani, kwa sababu laptopu yako nayo inapunguza kasi ikiungua. Kuhusu Windows 10, ni kweli Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini laptopu zenye GTX 1650 zilianza kuuzwa mwaka 2019, na prosesa nyingi za wakati huo zinakubaliwa na Windows 11. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, iendeshe. Ikikataa kwa sababu ya TPM, yaani kifaa cha usalama cha ndani, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mara nyingi kitu hicho kipo ila kimezimwa. Kuhamia Windows 11 kutoka 10 halali ni bure.

Kisha laptopu hiyo iwe ya gemu za usiku na wenzako, na MacBook iwe ya kazi. Kwa video Mac hiyo ni mali. Chipu ya M4 ina sehemu maalumu ya kusoma na kutoa video za H.264 na HEVC, ambazo ndizo kamera na simu zetu zinarekodi, na DaVinci Resolve ina toleo la bure linalokwenda huko na kwenye Windows pia. Betri yake inakaa. Umeme ukikatika katikati ya kutoa video ya bibi harusi anayeisubiri kwa hamu, kazi inaendelea. Diski ya kuhamishia video baina ya kompyuta mbili ifomati kwa mpangilio wa exFAT, kwa sababu Mac inasoma mpangilio wa NTFS wa Windows lakini haiandiki juu yake. Hifadhi kwanza vilivyomo, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Ungeniambia harusi ni za kupita tu na gemu ndiyo roho yako, ningekwambia umwombe ami kwa adabu akuletee laptopu ya Windows yenye kadi ya picha ya RTX kwa pesa ile ile. Na hilo si kumkosea. Pengine naye hajui tofauti na angefurahi kuambiwa mapema. Lakini harusi zinakulipa, na laptopu ya gemu unayo tayari.

Basi Mac ije, ila mwambie ami mambo mawili ya dukani. Aangalie diski: kwenye Mac za aina hii RAM na diski vimegandishwa kwenye bodi, huongezi baadaye kama unavyoongeza kwenye laptopu yako kwa bisibisi. Kwa bei za Marekani, Air ya M4 ilianzia dola 999, na kutoka GB 256 kwenda 512 ilikuwa dola 200 zaidi. Kama kuna nyongeza moja tu anaweza kuilipa, iwe hiyo. RAM ya GB 16 inayokuja nayo itakutosha. Plagi ya Oman ni ile ile yetu ya pini tatu bapa. Kibodi za Mac za nchi za Ghuba nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida, haidhuru kitu.

La pili, kama ataamua kuchukua iliyotumika ili apunguze gharama, asichukue ya Intel hata ikiwa rahisi vipi, kwa sababu macOS ya mwaka 2025, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na hata hiyo inakubali chache tu. Ikiwa ni ya M, aiombe ifutwe yote pale pale dukani, iwashwe upya na iunganishwe na Wi-Fi mpaka ifike kwenye ukurasa wa mwanzo. Ikiuliza akaunti ya Apple ya mtu mwengine, imefungwa. Ikiandika kwamba inasimamiwa na kampuni au skuli fulani, nayo ina mwenyewe, hata kama muuzaji anasema itaondoka. Aiache hapo hapo juu ya meza.